Sumaku kwanza, detekta baadaye: kutafuta sarafu za zamani kwenye mashamba ya Moshi na Arusha

Chukua sumaku ya spika mbovu, ivalishe mfuko wa nailoni, kisha iburute kwenye udongo mkavu wa shamba lolote kati ya Marangu na Machame, au upande wa Meru kuanzia Usa River hadi Tengeru. Hatua kumi zinatosha. Ukiinua utakuta mfuko umeota ndevu nyeusi. Chembe hizo ni magnetiti, madini ya chuma yaliyosagika kutoka kwenye mawe ya volkano, na ndizo zinazomkatisha tamaa mtu aliyenunua detekta, yaani mashine ya kutambua metali, kwa pesa nyingi, akaiwasha shambani, ikalia kila anapoizungusha hadi akaamini ameuziwa mbovu.

Mashine haikuharibika. Inasema kweli: chini kuna chuma. Koili, ile sahani iliyo chini ya mpini, inatuma mawimbi ardhini, metali inayajibu, na mashine inasikiliza jibu. Udongo wenye magnetiti nao unajibu, tena kwa sauti kubwa kuliko senti ya shaba iliyolala sentimita kumi na tano chini. Kazi yote ya kutafuta sarafu kwenye miteremko hii ni kuifundisha mashine kuupuuza udongo bila kuipuuza sarafu. Ndiyo maana wanaojifunza kwa video za mashamba ya ngano ya Uingereza hawafiki mbali hapa. Udongo wa kule kwa sehemu kubwa ni mpole. Wetu ni mkali. Kina wanachotamba nacho usikitegemee. Kwenye udongo mwekundu wa mlimani, kuisikia sarafu ndogo ya shaba kwa uhakika kwenye sentimita kumi hadi kumi na tano ni kazi nzuri.

Kuhusu mashine yenyewe: nyingi zinazozunguka Tanzania zilinunuliwa kwa ajili ya dhahabu, na baadhi ni zile zinazotuma mapigo badala ya mawimbi mfululizo. Hizo hazisumbuliwi sana na udongo, lakini haziwezi kutofautisha vizuri msumari na rupia, sarafu ya fedha ya zamani. Kwenye machimbo si shida kubwa. Kwenye shamba ambalo watu wameishi miaka mia moja utachimba misumari hadi jioni. Kwa sarafu tafuta mashine ya mawimbi ya chini inayokuruhusu kuisawazisha na udongo kwa mkono, au inayotumia masafa kadhaa ya mawimbi kwa wakati mmoja. Garrett ACE 300 ni nyepesi na rahisi kutumia, lakini usawazishaji wake umefungwa kiwandani, na kwenye udongo wa Kibosho huna namna ya kuurekebisha. Nokta Simplex inasawazishwa na mwenye mashine. Minelab Equinox inatumia masafa mengi pamoja, na kwa udongo huu tofauti inasikika. Koili iwe ya aina inayoitwa DD, kwa sababu inaona udongo kama kamba nyembamba katikati, si kama bakuli zima, hivyo inabeba kelele chache. Kwenye eneo lenye takataka nyingi koili ndogo ya inchi sita inashinda kubwa ya inchi kumi na moja, hata kama kubwa inakwenda chini zaidi.

Sasa kusawazisha, na hapa usikimbie. Tafuta mita moja ya mraba isiyo na mlio wowote. Weka unyeti wa mashine katikati, ondoa uchujaji wote (ule unaoinyamazisha mashine kwa metali fulani), kisha inua na kushusha koili, kutoka kimo cha goti hadi sentimita tatu juu ya ardhi, taratibu kama mtu anayepampu tairi la baiskeli. Ikilia zaidi unaposhusha, rekebisha upande mmoja. Ikilia zaidi unapoinua, rekebisha upande wa pili. Ukifika mahali ambapo kupanda na kushuka kunatoa mlio mmoja hafifu, au ukimya, umesawazisha. Mashine zinazojisawazisha zenyewe nazo zinahitaji upampu huohuo huku umeshikilia kitufe. Watu wengi wanabonyeza na kusimama tu. Rudia kila udongo unapobadilika. Ukishuka kutoka Old Moshi hadi Kahe unapita kwenye udongo mwekundu, wa kahawia wenye mawe, kisha mweusi wa mbuga. Huwezi kwenda na usawazishaji mmoja kote huko.

Baada ya hapo shusha unyeti. Kosa linaloonekana mara nyingi kuliko mengine yote ni kuuweka mwisho kabisa kwa kudhani mashine itaona mbali. Kwenye udongo mkali unyeti wa juu unaongeza kelele za udongo kuliko sauti ya sarafu, na sikio linachoka ndani ya nusu saa. Anza na theluthi mbili ya kipimo. Ikiendelea kubwabwaja ukiwa umesimama tuli, tafuta waya za umeme juu yako au simu mfukoni, badilisha masafa, ndipo ushushe tena.

Kuna sehemu ambazo usawazishaji wowote hautoshi: mahali palipochomwa moto. Udongo wa hapa ukipashwa moto sana unazidi kuwa na usumaku. Jiko la zamani lililokuwa na mafiga miaka na miaka, au mahali pa tanuri la mkaa, pataifanya mashine ilie kwa upana wa mita nzima, mlio mzito usio na kitovu. Usichimbe mlio wa namna hiyo, lakini usiuache bila kuuandika. Mafiga yanakuonyesha nyumba ilikuwa wapi, na mlango ulikuwa hatua chache kutoka hapo. Mawe ya volkano yenye chuma nayo yanalia kama metali. Ukilisogeza jiwe kwa mguu na mlio ukahama nalo, umepata jibu lako bila kushika sepetu.

Shamba gani, na lini

Hapa kwetu tunatofautisha kihamba na shamba, na kwa kazi hii tofauti hiyo ni ya maana sana. Kihamba kina nyumba, migomba, kahawa na samadi ya vizazi. Sarafu zimo, lakini zimefunikwa na mboji, zimezungukwa na takataka za kila zama, na mizizi ya kahawa inayolisha mti iko juu juu. Kuchimba karibu na shina ni kumwibia mwenye mti mavuno. Zaidi ya hayo, kihambani ndiko walikozikwa wazee. Uliza makaburi yako wapi kabla hujawasha chochote. Ukiona mimea ya masale imeota peke yake au kwa mstari, elewa ni mpaka au ni kaburi, na kote kuwili hupachimbi hata mashine ilie vipi.

Shamba la chini, la mahindi na maharage, ndilo rafiki. Limelimwa kila mwaka, jembe la ng'ombe au trekta limeshageuza udongo mara nyingi, na vitu vinapanda na kushuka ndani ya tabaka la sentimita ishirini hivi. Sarafu iliyokosekana mwaka huu inaweza kuwa juu mwakani baada ya kulima, kwa hiyo shamba moja zuri halimalizwi kwa siku moja. Wakati bora ni baada ya mavuno, mabua yakishaondolewa, na mwingine ni baada ya kulima kabla ya kupanda, mvua ya kwanza ikishalaza mabonge. Koili inatakiwa kupita sentimita mbili hadi tatu juu ya ardhi, na juu ya mabonge ya jembe haiwezi. Kila sentimita ya hewa unayoiacha unaitoa kwenye kina chako. Shamba lililopandwa liache hadi livunwe.

Unyevu kidogo unasaidia. Lakini maeneo ya chini yenye udongo wa magadi, yakilowa sana, yanapitisha umeme na mashine inaanza kuona metali isiyokuwepo. Ngoja yakauke kiasi. Udongo mweusi wa mbuga una tabia nyingine: kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia, na kitu kidogo kilichoanguka juu kinadondokea chini kabisa. Kwenye mbuga tarajia vitu vikubwa na vya karibuni zaidi.

Sarafu huanguka pale mkono unapoingia mfukoni. Uliza wazee maswali ya namna hiyo, si swali la hazina. Soko la zamani lilikuwa wapi kabla halijahamishwa? Njia ya kwenda bomani ilipita wapi? Wanawake walivukia wapi mfongo, mfereji wa maji, na mizigo kichwani? Duka la Mhindi lilikuwa upande gani? Kilabu cha mbege? Mizani ya chama cha msingi ilisimama wapi? Swali la mizani lina uzito wake. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1933, na mahali pa kupimia kahawa ndipo mkulima alipojua atashika kiasi gani. Kumbuka pia kwamba reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji wa sasa ukakua huku chini kuizunguka. Kabla ya hapo kituo cha Wajerumani kilikuwa juu, Old Moshi. Arusha ilipata reli mwaka 1929. Mwaka unaosoma kwenye sarafu mara nyingi unalingana na mwendo huo wa watu kupanda na kushuka.

Kabla ya kuingiza sepetu

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kutafuta au kuchimba mabaki ya kale bila kibali ni kosa. Sarafu ya Mjerumani au ya Mwingereza ni ya baadaye kuliko mwaka huo, lakini ardhi haikuulizi unatafuta ya mwaka gani. Kwa hiyo pata ufafanuzi kwa maandishi kutoka Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kuanza, na anayeanzia Arusha anaweza kwenda kuuliza kwenye makumbusho yaliyo ndani ya boma la zamani la Mjerumani. Ukikuta vigae vya vyungu, shanga, mavi ya chuma ya wahunzi au mpangilio wa mawe, simamisha kazi, acha kila kitu kilipo, toa taarifa. Engaruka na maeneo mengine ya kihistoria usiyaguse, wala hifadhi za taifa na misitu ya hifadhi. Mahali Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, na wenzake mwaka 1900, Old Moshi, si mahali pa koili.

Ruhusa ya mwenye shamba iwe ya maandishi, hata nusu ukurasa wa daftari: mipaka ya eneo, siku, nani anabaki na nini, na kwamba mashimo yatafukiwa. Kisha mjulishe mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Mtu mwenye hedifoni anayezunguka shambani na mashine anahisiwa kutafuta dhahabu au mali za Mjerumani, na hapo maneno yanaanza. Kuna watu wanaouza ramani, wanaosoma alama za misalaba kwenye mawe, na wanaosema kuna rupia inayovuta mchele. Rupia ni fedha na shaba kidogo. Haivuti mchele, na anayekuonyesha ikivuta anataka pesa yako. Ukialikwa kwenye shamba kwa hadithi ya namna hiyo, usiende.

Kutembea na koili

Gawa shamba kwa kamba ya katani, njia za upana wa mita moja na nusu. Zungusha koili kutoka kushoto kwenda kulia kwa sekunde mbili hivi, ikiwa sambamba na ardhi hadi mwisho wa mzunguko. Wengi wanaiinua pembeni kama wanafyeka majani, wanapoteza robo ya kila njia. Kila mzunguko ulale nusu juu ya uliotangulia. Mwendo wa kobe. Eneo la mita ishirini kwa ishirini likifanyika sawasawa linakula nusu siku.

Uchujaji usiufunge sana. Kwenye udongo wenye chuma sarafu ya chini sana husomeka kwenye kioo cha mashine namba ya chini kuliko yake halisi, wakati mwingine namba ya msumari, kwa sababu jibu lake linachanganyika na la udongo. Ukichuja chuma chote umechuja na hiyo. Acha chuma kisikike kwa mlio mzito, sikio litazoea, nawe chimba kila mlio mkali uliojificha katikati ya milio mizito.

Ukisikia mlio mzuri, geuka nyuzi tisini uupitie tena. Sarafu inalia pande zote mbili, mahali palepale, kwa namba isiyocheza sana. Msumari uliolala unalia vizuri upande mmoja na kukatika upande mwingine. Kisha inua koili kiganja kimoja na nusu: sarafu inafifia haraka, ila kipande cha bati au sufuria kinaendelea kulia.

Takataka za hapa zina tabia zake, na inafaa kuzijua kwa majina. Kizibo cha soda ni chuma chembamba kilichopakwa, kinasomeka kama sarafu nzuri kabisa. Vuta koili nyuma taratibu hadi ncha yake tu ndiyo inapita juu ya kitu, na mlio utavunjika kuwa wa chuma. Kipande cha bati la kuezekea kinatoa namba ya juu inayoruka ruka. Betri za tochi na redio zimezagaa kila kihamba: ganda la zinki limeshaoza, lakini kile kikofia cha shaba juu ya kijiti cheusi kinabaki na kinalia kama senti ndogo. Karatasi za dawa za vidonge na za sigara zinalia chini. Vijiko vya alumini na vipande vya sufuria vinalia katikati na juu. Kwenye mashamba ya kahawa utatoa nozeli za shaba za mabomba ya kupulizia dawa, na huwezi kuzitofautisha kwa sikio. Zichimbe zote. Kila takataka uliyoiacha chini inaweza kuwa imefunika sarafu, kwa hiyo toa, tia kwenye ndoo, ondoka nayo. Mwenye shamba anafurahi kuona nyembe na misumari vimetoka, na wewe mzunguko unaofuata unasikia zaidi.

Kabla ya shamba la watu, jipimie nyumbani. Fukia sarafu za shaba na za rangi ya fedha kwenye sentimita tano, kumi na kumi na tano, kila moja na kijiti, na msumari kando ya mojawapo. Udongo uliofukuliwa juzi hautoi jibu sawa na ulioshikamana miaka mingi, lakini sikio linajifunza.

Kuchimba

Sepetu ndogo nyembamba, pinpointa (detekta ndogo ya mkononi ya kuonyesha kitu kilipo hasa), gunia la kutandika, ndoo. Sururu na jembe viache, vinakata sarafu katikati. Anza sentimita kumi kutoka kitovu cha mlio, zunguka, inua bonge zima, liweke kwenye gunia. Pitisha pinpointa kwenye shimo kwanza, kisha kwenye bonge. Kwenye majani kata umbo la kwato, upande mmoja ubaki umeshikana kama mlango, ili ukirudisha majani yasife. Ukiipata usiifute kwa kidole gumba. Chembe za magnetiti na mchanga zilizoganda juu ya shaba ni kama msasa, na msuguo mmoja unafuta mwaka uliokuwa unasomeka. Funga na udongo wake kwenye kipande cha karatasi.

Rudia mlio kwenye shimo kabla ya kufukia, maana sarafu mbili zilizodondoka pamoja hukaa pamoja. Zikitoka tano, kumi, na bado inalia, acha kuchimba. Hicho si kitu kilichodondoka, ni akiba ya mtu, na jinsi ilivyopangwa ardhini inaeleza kuliko sarafu zenyewe. Piga picha, funika, toa taarifa.

Kahe palipiganwa mwezi Machi 1916, na Longido mwezi Novemba 1914. Maganda ya risasi yanatoka, ya Mwingereza na ya Mjerumani, na yale manene ya milimita kumi na moja yaliyotumiwa na askari wa Mjerumani ni ya baruti ya moshi. Ganda tupu halina neno. Risasi nzima usiifungue wala usiisugue. Kitu chochote cha chuma chenye umbo la chupa, mviringo uliochongoka au mkia wa mabapa, ondoa mikono, weka alama kwa mbali, ita polisi. Miaka zaidi ya mia moja haipozi baruti.

Kinachotoka

Namba za mashine zinatofautiana, lakini mpangilio ni uleule: nikeli na shaba iliyochanganywa iko chini, shaba nyekundu iko juu, fedha nzito iko juu kabisa. Hapo ndipo wageni wanapokosea kuhusu sarafu zenye tundu. Tundu halipunguzi sana mlio, kwa sababu mkondo unazunguka ukingoni. Kinachoamua ni metali. Senti kumi ya shaba ya Afrika Mashariki, pana na yenye tundu, inalia vizuri sana. Heller tano ya Mjerumani yenye tundu, ya 1913 na 1914, ni ya shaba iliyochanganywa na nikeli na inalia karibu na vipande vya kopo la soda. Ukikataa namba za kopo, umeikataa na hiyo.

Ya zamani unayoweza kutarajia kwa haki ni sarafu ya shaba iitwayo pesa, ya kampuni ya Wajerumani, ya miaka ya 1890 hadi 1892, yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Ikiwa imesagika inafanana sana na pesa ya Zanzibar ya Sultani Barghash, yenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria. Ziweke kwenye mwanga wa pembeni, wa asubuhi au wa tochi iliyolazwa, na utafute mikono ya mizani. Kabla ya 1904 rupia moja ilikuwa pesa 64. Baadaye ikawa heller mia moja, na kutoka kwa heller ndiyo tukapata neno hela tunalolitumia hadi leo. Heller moja ina upana wa milimita ishirini na uzito wa gramu nne, na taji upande mmoja. Heller tano ya shaba ya 1908 na 1909 ni jitu la milimita 37 na gramu ishirini, inalia kama kifuniko cha chungu. Herufi ndogo A ni ya kiwanda cha Berlin, J ni ya Hamburg.

Rupia ya fedha ya Mjerumani, yenye Kaiser aliyevaa kofia ya tai, ina gramu 11.66 na fedha ya asilimia 91.7, sawasawa na rupia ya India iliyotangulia kutumika humu. Ndiyo maana mashine haiwezi kukuambia ni ipi. Riale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 hata kama ilipigwa karne iliyofuata, ni kubwa zaidi, gramu 28. Nyingi za fedha zinatoka zimetobolewa au zina alama ya kishikizo cha mkufu, kwa kuwa zilivaliwa shingoni. Usizione zimeharibika, tundu hilo ni sehemu ya historia ya mtu wa hapa.

Baada ya vita inakuja shilingi ya simba na milima nyuma yake, kuanzia 1921. Ina robo tu ya fedha, na kuanzia 1948 haina fedha kabisa, hivyo mlio wake ni wa chini kuliko mwonekano wake. Senti tano na kumi zenye tundu ndizo utakazozitoa zaidi ya zote. Angalia za 1936 vizuri: zipo zenye jina la Edward VIII, aliyetawala chini ya mwaka mmoja, na tundu likaepusha suala la picha yake. Sarafu zetu nyingi za miaka ya 1990 zina moyo wa chuma, zinababaisha mashine kama kizibo. Sumaku ya mwanzo itazitenga mara moja.

Kusafisha, kwa shaba, maana yake ni kulowesha tu. Maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea kwenye betri za magari. Hakikisha muuzaji amekupa maji na si asidi, maana yote mawili huitwa maji ya betri. Badilisha kila siku kwa wiki moja au mbili, kisha ondoa udongo kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa. Ndimu, majivu, mchanga, siki na steelwool vinafanya sarafu ing'ae na kuiua. Rangi ya kijani iliyotulia na laini ni ngozi yake, iache. Kijani cha unga unaopukutika ni kutu hai inayotokana na chumvi, na mbolea za dukani zinaiongezea nguvu. Ikaushe sarafu hiyo kabisa na uitenge na nyingine. Fedha ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, uikaushe kwa kugandamiza kitambaa, si kwa kusugua.

Zihifadhi kwenye bahasha ndogo za karatasi, si kwenye plastiki laini inayonata, ambayo baada ya muda hutoa ute wa kijani. Weka ndani ya kopo vile vipakiti vya chembe vinavyokuja na viatu vipya. Juu ya kila bahasha andika shamba, tarehe, kina kwa sentimita, na namba za mahali kutoka kwenye simu. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu unafutika na unyevu wa masika.